Gongo Halinunuliwi Kama Sare ya Shule

Hotuba kwa wazazi, walimu na wachezaji wa mpira wa magongo, Tabora mjini

Wazee wangu, shikamooni. Wazazi wenzangu, mwangaluka. Na nyinyi watoto mliokaa juu ya mizizi ya mwembe pale nyuma, sogeeni, maana maneno ya leo yanawahusu nyinyi kuliko mtu mwingine yeyote hapa.

Nawashukuru kwa kuja. Wapo waliopanda basi alfajiri kutoka Urambo kwa sababu mtoto wao yuko bweni hapa mjini. Wapo waliofunga vibanda vyao sokoni. Mchango mmeutoa, mhasibu ameusoma mbele yenu, na kila shilingi imeonekana. Kilichobaki ni kununua, na hapo ndipo ninapoomba masikio yenu, kwa sababu pesa hii ikipotea kwenye magongo yasiyofaa, hatutaichanga tena mwaka huu.

Katika kikao kilichopita mzazi mmoja alisimama akasema: "Mwalimu, nunua manne tu, lakini yawe ya kaboni, yale yale wanayoshika Waholanzi na Waaustralia. Wape wale wanne wanaotufungia mabao." Neno hilo lilitoka moyoni mwa mtu anayeipenda timu hii, na mchango wake ni miongoni mwa ile mikubwa. Nimelala nalo siku kadhaa. Leo namjibu kwa heshima zote: tusifanye hivyo.

Tazameni mnapokanyaga. Huu ni mchanga wa Tabora. Mvua ikinyesha unashikana na mpira unateleza vizuri. Ikifika Agosti ni vumbi juu na punje kali chini. Kila mtoto anapoinama kukokota mpira, kichwa cha gongo kinasuguana na ardhi hii, saa nzima, mara tatu kwa wiki. Mafundi seremala mliopo hapa mnalijua jina la kitu kinachosugua namna hiyo. Ni msasa. Sisi tunacheza juu ya msasa.

Magongo ya bei kubwa hayakutengenezwa kwa ardhi hii. Tangu Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, mashindano makubwa ya mchezo huu yanachezwa kwenye nyasi bandia, na kwa miaka mingi viwanja hivyo vimekuwa vikimwagiwa maji kabla ya mechi ili mpira uteleze. Huko mpira unakuja umenyooka kama umewekewa reli. Hapa kwetu unakuja umerukaruka, umegonga kokoto, umebadilisha njia hatua mbili kabla ya kukufikia. Gongo linalofaa kule si lazima lifae hapa.

Mimi nimejifunza hili kwa pesa yangu. Miaka iliyopita nilinunua Dar es Salaam gongo lililotumika, jeusi, linang'aa, kaboni nyingi, na aliyeniuzia aliniambia litanizika. Nilirudi nalo kwenye treni nimelilaza mapajani kama mtoto mchanga. Kiangazi hakijaisha, kisigino cha gongo kilikuwa kimeliwa mpaka nyuzi za ndani zikaonekana. Kisha siku moja, kwenye mazoezi tu, gongo la mwenzangu likaligonga ubavuni. Halikupasuka kwa kelele. Lilitoa mlio mdogo, nikaona mstari umekata kukingama shingo, na basi. Gongo lililokula mshahara wangu wa miezi miwili halikumaliza mwaka.

Sababu iko kwenye kitu chenyewe. Kaboni ni nyuzi nyembamba zilizolazwa ndani ya gundi ngumu. Ukipiga mpira, gongo halinesi, kwa hiyo nguvu ya mkono haipotei njiani, inahamia kwenye mpira. Hiyo ni sifa ya kweli na siidharau. Lakini kitu kisichonesa hakina mahali pa kuweka pigo linalokuja ubavuni. Huvumilia, huvumilia, kisha hukatika. Faibaglasi, yaani nyuzi za kioo, hunesa kidogo. Inapunguza nguvu ya shuti, ndiyo, lakini inapokea pigo la pembeni na kuendelea na maisha. Iko pia aramidi, nyuzi za jamii ile ile inayofumiwa fulana za kuzuia risasi. Kwenye gongo kazi yake ni kumeza mtetemo, ili kiganja kisiwake moto mpira mgumu unapogonga.

Na kwa mtoto anayejifunza kuna jambo kubwa kuliko shuti. Mpira wetu una uzito wa gramu 156 hadi 163 na haubonyei hata kidogo. Ukigonga gongo gumu sana mikononi mwa mtoto asiyejua bado kulegeza mikono, unadunda na kwenda zake mita mbili mbele, na adui ameshauchukua. Gongo linalonesa linamsaidia kutuliza. Ndiyo maana hata katika nchi zenye nyasi bandia kila kona, watoto wanaoanza hawapewi gongo la kaboni tupu. Nguvu inakuja na umri. Utulivu wa mpira usipofundishwa mapema, kuufundisha baadaye ni kazi ngumu.

Mtaona magongo yameandikwa asilimia: kaboni 20, kaboni 50, kaboni 90. Wauzaji wanaipenda sana hiyo namba. Nawaomba msiisome kama alama za mtihani. Haisemi kaboni ni ya daraja gani, gundi ni ya namna gani, wala nyuzi zimelazwa na fundi makini au na mtu aliyekuwa na haraka. Magongo mawili yenye namba ile ile yanaweza kutofautiana sana mkononi. Kwa watoto wetu namba ndogo inatosha, na nitafurahi nikipata faibaglasi tupu yenye aramidi kidogo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, na hili nalisema kwa wazazi moja kwa moja.

Sisi tuna desturi ya kumnunulia mtoto sare kubwa. Shati linafika magotini, sketi inakunjwa pindo mara tatu, viatu vinasokotewa pamba mbele. Tunasema "atakua navyo." Ni busara ya mwenye kipato kidogo, nami nimelelewa hivyo hivyo. Lakini gongo halinunuliwi hivyo. Mwaka jana nililetewa binti wa miaka kumi na moja ameshika gongo la inchi 37.5, urefu wa mwanaume mrefu. Baba yake alikuwa amejinyima kulipata. Nikamtazama yule mtoto akikimbia. Ncha ya mpini ilikuwa inamchoma tumboni kila anapoinama, kwa hiyo aliacha kuinama. Akanyanyua mikono, akasimama wima kama anayefagia uwanja, mpira ukawa mbali na miguu yake. Alipojaribu kupiga, mzunguko ukawa mkubwa kuliko mikono yake, akakosa mpira, akakatia mchanga. Baada ya miezi mitatu tulipompatia gongo la saizi yake, lile gongo refu lilikuwa limeshamfundisha mwili wake kusimama vibaya. Ilituchukua msimu mzima kumrudisha chini.

Kupima si kazi. Mtoto asimame wima na viatu vyake vya kuchezea. Weka gongo wima kando yake, kichwa chini. Ncha ya mpini ifike kwenye mfupa wa nyonga. Ikipita sana kwenda mbavuni, ni refu. Ikiwa chini sana ya nyonga, ni fupi na mgongo wake utaumia kwa kuinama. Ukisita kati ya saizi mbili, mpe anayejifunza ile fupi, atauongoza mpira kwa urahisi zaidi. Magongo ya watoto wadogo yapo ya inchi 28, hata mafupi zaidi. Inchi 36.5 inawafaa vijana na watu wazima wengi wa kimo cha kawaida, na 37.5 tuwaachie warefu. Mtoto akikua, gongo linashuka kwa mdogo wake kama kawaida yetu. Hapo busara ya sare inafanya kazi vizuri kabisa, kwa sababu gongo linarithiwa na mtoto ambaye linamfaa siku hiyo.

Uzito nao. Kanuni za kimataifa zinakataza gongo kuzidi gramu 737, lakini hakuna mtoto hapa anayehitaji kukaribia huko. Magongo mengi ya watu wazima yako kati ya gramu 500 na 600. Likiwa zito, mkono wa mtoto unachelewa. Likiwa jepesi mno, kwenye mchanga wetu linatikiswa na kila kokoto. Mkiwa na shaka, lipelekeni kwenye mizani ya duka lolote linalopima sukari na maharage, mtapata jibu bila malipo.

Kuna mbinuko pia. Ukiliinua gongo na kulitazama kwa urefu wake, kama seremala anavyokagua ubao kwa jicho moja, utaona limepinda kidogo kama upinde. Kanuni zinaruhusu mbinuko wa milimita 25, zisizidi. Magongo ya wataalamu wa kuburuta mpira na kuufyatua golini kwenye kona fupi, yaani kona ya adhabu, huwa na mbinuko mkubwa uliowekwa chini, karibu na kichwa. Wachezaji wetu wakiona picha zake wanayatamani. Lakini mbinuko wa namna hiyo mikononi mwa asiyezoea unauinua mpira anapopiga kawaida, na mpira mgumu ukiinuka unaelekea kwenye meno ya mtu. Tuchukue mbinuko mdogo, wa katikati ya gongo. Kichwa kiwe cha ukubwa wa kati, au kipana kidogo kwa mabeki wetu, kwa sababu mpira unaorukaruka unahitaji mahali pa kutua.

Mama mmoja ameniuliza pale mlangoni gongo la mtoto anayetumia mkono wa kushoto linapatikana wapi. Halipo, mama, na usihuzunike. Katika mchezo huu magongo yote yana upande bapa mmoja, upande wa kushoto, na mpira hauguswi kwa upande wa mviringo. Kila mchezaji anashika juu kwa mkono wa kushoto, na mkono huo wa juu ndio unaoligeuza gongo. Mwanao ameshapewa na Mungu mkono ambao wenzake wanahangaika kuuzoesha.

Sasa kuna pendekezo la pili, na limetolewa na watu ninaowaheshimu: kwa nini tununue? Tabora ni nchi ya miti. Tuna mninga, mafundi wetu wanachonga makabati yanayosafirishwa hadi Dar es Salaam, je, gongo litawashinda?

Nimelijaribu hilo. Fundi mmoja alinichongea matano ya mninga, mazuri ya kutundika ukutani. Yote matano yalivunjika mahali pamoja, pale shingo inapopinda kuingia kichwani. Nikayapeleka kwake tukakaa naye chini tukayatazama, na yeye ndiye aliyenionyesha. Ubao wa mninga nyuzi zake zimenyooka. Ukichonga kona ndani ya ubao ulionyooka, nyuzi hazifuati kona, zinakatwa njiani. Pale kwenye kona unabaki na vipande vifupi vya nyuzi vilivyoshikana kwa ubavu tu, na pigo la kwanza la nguvu linaviachanisha. Mafundi wa Sialkot kule Pakistani na Jalandhar kule India, miji ambayo dunia nzima imenunua magongo kwao kwa vizazi, walikuwa wanatumia mforosadi. Ni mti mwepesi, mgumu kuvunjika, na unakubali kupindwa kwa mvuke. Wanaupika, wanaupinda, nyuzi zinapinda pamoja na kichwa, hazikatwi. Siri iko hapo kwenye kupinda, wala si ukali wa patasi.

Kwa hiyo msidhani namkataa fundi wetu. Kwa wale wadogo kabisa, wa miaka sita na saba, tumeanza kuwatafutia matawi ya mpera yaliyojipinda yenyewe. Tawi lililokua limepinda, nyuzi zake zimepinda nalo. Fundi analichonga upande mmoja uwe bapa, analisugua, analipaka mafuta, na mtoto anacheza na mpira laini. Hayo ni ya kujifunzia tu, lakini yanadumu, nimeyaona.

Na nawaomba sana, gongo likipasuka msilipeleke likafungwe bati au kupigwa misumari. Kanuni zinakataza chuma chochote kwenye gongo, na sababu mnaiona wenyewe mkiwatazama watoto wanavyopishana na hizo silaha usawa wa magoti na mikono.

Nirudi kwa yule mzazi wa magongo manne, maana sijamjibu sehemu iliyo nzito.

Mwaka 1971 Kombe la Dunia la kwanza la mpira wa magongo lilichezwa Barcelona. Majirani zetu Kenya, Kenya ya akina Avtar Singh Sohal, nahodha wao, walimaliza wa nne duniani, nyuma ya Pakistani, Uhispania na India. Walicheza na magongo ya mti. Miaka tisa baadaye, mwaka 1980, Tanzania tulikuwa Moscow kwenye Olimpiki, na India wakatufunga mabao 18 kwa 0. Vichwa vya magongo vilikuwa vya mti pande zote mbili. Kwenye Olimpiki hiyo hiyo wanawake wa Zimbabwe, walioalikwa wiki chache tu kabla kwa sababu nchi nyingi zilisusia, wakachukua dhahabu. Sasa niambieni, kama kifaa ndicho kinachoamua, zile 18 zilitoka wapi? Zilitoka kwa watu waliokuwa wameshika gongo tangu utotoni, kila jioni, kila mmoja na lake.

Sisi tuna watoto 22 na magongo 9. Kwenye mazoezi ya saa moja na nusu, mtoto anasimama pembeni akisubiri zaidi ya nusu ya muda. Anatazama. Mikono yake haijifunzi chochote. Bei ya gongo moja la kaboni nyingi inaweza kununua matatu, pengine manne, ya faibaglasi. Tukinunua yale manne tunakuwa na watoto wanne wenye gongo linaloliwa na mchanga, na wengine tisa wanaoendelea kungoja zamu. Tukinunua ya faibaglasi, mengine yakiwa ya mitumba, kila mtoto hapa anaondoka na lake, na kuna chenji ya vikinga ugoko na vya meno, ambavyo kwangu mimi vinatangulia gongo lolote.

Tutakayoyapata mengine yatakuwa ya mitumba, na ni sawa. Lakini nitayakagua mimi na wachezaji wakubwa kabla pesa haijatoka. Tutapitisha kidole kwenye kingo zote kutafuta nyuzi zilizochomoza, maana zinakata. Tutafungua raba iliyozungushwa mpinini tuone chini yake, kwa sababu nyufa zinapenda kujificha hapo. Mikwaruzo ya rangi inayokwenda na urefu wa gongo haitutishi. Mstari unaokata kukingama, hata kama mwembamba kama unywele, tunaliacha hapo hapo. Halafu tutaligonga kwa sarafu kutoka mpini hadi kichwani na kusikiliza. Gongo zima linaita mlio mmoja. Lililooza ndani, mlio unakufa mahali fulani, unasikia kama umegonga boga.

Likishafika nyumbani, lisitupwe juu ya bati wala kuachwa kwenye gari lililofungwa mchana wa Oktoba. Gundi inayoshika nyuzi haipendi joto hilo. Kila Jumamosi tutafunga utepe mpya chini ya kichwa, tabaka moja au mawili, ili mchanga ule utepe kwanza kabla ya kula gongo. Mpinini tutazungusha tyubu kuukuu za baiskeli zilizokatwa nyembamba, jasho haliziharibu na mafundi baiskeli wametuahidi za bure. Tusizidishe tu. Gongo zima, na vyote vilivyofungwa juu yake, lazima lipite kwenye pete ya milimita 51, na pete hiyo ninayo hapa.

Basi. Mama wa cherehani, nakuona, njoo na futi kamba yako. Watoto vaeni viatu vya kuchezea, pangeni mstari kuanzia aliye mdogo. Mhasibu ataandika jina na urefu hadi nyongani, na orodha hiyo ndiyo itakayokwenda Dar es Salaam pamoja na pesa.